Muhula wa kwanza wa Kirusi umeisha, naogopa kwenda nyumbani

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana, nipo Voronezh, Urusi. Nasoma mwaka wa maandalizi, ule ambao sisi wanafunzi wa kigeni tunauita podfaki. Nimekuja kwa ufadhili wa serikali ya Urusi. Nikifaulu mwaka huu wa lugha, Septemba naingia mwaka wa kwanza wa udaktari. Sasa muhula wa kwanza unaisha. Tunafanya zachoti, yaani majaribio ya kufaulu au kutofaulu tu, kabla ya Mwaka Mpya, mitihani tunaimalizia Januari, halafu kuna likizo fupi ya baridi mpaka Februari.

Nyumbani wanataka niende. Kaka yangu anaoa, na ndugu wamechanga nauli kwa sababu ufadhili haulipi tiketi. Nawashukuru sana. Lakini kadiri siku zinavyokaribia ndivyo ninavyozidi kukosa usingizi.

Kwanza, mwalimu wetu wa Kirusi hataki twende. Anasema kila mwaka wanaokwenda makwao likizo ya baridi hurudi mabubu, na wanaobaki hosteli huwapita. Ni mwalimu mzuri na ananijali, sio kwamba ana roho mbaya.

Pili, Kirusi changu chenyewe. Darasani alama zangu ni nne, mara mojamoja tano, ambayo ndiyo ya juu kabisa huku. Nikitoka nje ya darasa kinayeyuka. Mwezi uliopita nilimsindikiza mwenzangu Moscow kwa shughuli za ubalozini, tukapanda treni ya usiku, lile behewa la platskart ambalo vitanda viko wazi na watu wote wanaonana. Mbele yangu alikaa bibi mmoja. Akaniuliza natoka wapi, kama nasikia baridi, kama mama yangu hana wasiwasi na binti aliye mbali hivi. Akafungua mfuko akanipa pirozhki ya kabichi, akaniambia mumewe alikuwa dereva wa treni na kwamba magoti yake mwenyewe hayamruhusu tena kupanda kitanda cha juu. Nikamwachia changu cha chini. Usiku mzima mimi nilikuwa najibu "da, da" (ndiyo, ndiyo) na "spasibo" (asante). Aliposhuka nililia. Muhula mzima wa masomo, halafu "da, da"?

Tatu, baba amewaambia watu wote kwamba binti yake sasa anazungumza Kirusi. Kwenye harusi nitatakiwa nisimame niseme kitu. Na baba mdogo ana mkataba wa kununua mtambo kutoka kwa kampuni moja ya huku, kurasa nyingi, amesema hatalipa mtu wa kutafsiri kwa sababu "tunaye wa kwetu". Nimeshindwa kumkatalia.

Halafu, Dada, kuna usiku nawaza nikifika nyumbani nisirudi tena. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Wewe nishauri tu kuhusu safari: niende au nibaki? Na nikienda nifanyeje ili nisirudi bubu?

Mwanafunzi wa Voronezh

*

Marahaba, mdogo wangu. Nenda nyumbani. Kaka anaoa mara moja, watu wamechanga, na wewe umechoka. Ila kabla ya kukueleza sababu zangu kuna jambo moja lisilongoja hata wiki, na kwenye barua yako hukuligusa: viza.

Chukua pasipoti yako sasa hivi uifungue kwenye ukurasa wa viza. Wanafunzi wengi wa podfaki huingia Urusi kwa viza ya kuingia mara moja tu, na chuo ndicho huwaombea ya kuingia mara nyingi baada ya kufika. Tafuta panapoandikwa idadi ya kuingia. Ukikuta odnokratnaya, yaani ya mara moja, au tarehe ya mwisho inaangukia ndani ya likizo yako, ukitoka nayo hutarudi nayo. Utalazimika kuomba viza upya ukiwa nyumbani, kwa mwaliko mpya, na muhula wa pili utaanza bila wewe. Unachotaka kukiona ni mnogokratnaya, ya mara nyingi, na tarehe inayopita siku ya kurudi kwako kwa nafasi ya kutosha.

Kama hunayo, kesho asubuhi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako. Maombi hayo huchukua wiki kadhaa, pasipoti hubaki kwao muda wote huo, na tangu tarehe 1 hadi 8 Januari nchi nzima iko kwenye sikukuu, hakuna ofisi ya serikali itakayoshughulika na karatasi zako. Usinunue tiketi kabla hawajakuambia pasipoti itatoka lini. Wakikuambia haitatoka kwa wakati, basi jibu la swali lako limeshapatikana: unabaki, kaka anaoa bila wewe, na nyumbani waelezwe mapema kwamba ni sheria, si wewe uliyekataa. Hilo litauma. Lakini afadhali liume Desemba kuliko kukwama na nafasi yako chuoni imepotea.

Sasa tuje kwa mwalimu wako.

Mwalimu amewaona wanafunzi wengi na anachokisema amekiona kwa macho yake. Sitampinga kwa jambo hilo. Ninachotofautiana naye ni sababu. Anayerudi bubu si kwa kuwa amepanda ndege. Ni kwa kuwa tangu alipofunga daftari siku ya mtihani wa mwisho hakulifungua tena, na hakusikia sentensi moja ya Kirusi mpaka aliporudi darasani. Mwenzake aliyejifungia hosteli na kuzungumza lugha ya kwao likizo nzima na watu wa kwao naye hurudi bubu vilevile, ila yeye hakuna anayemwona kwa sababu hakusafiri.

Kusahau kuna mwendo wake unaojulikana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunachojifunza hutoweka haraka sana mwanzoni, halafu kasi hupungua. Na jambo alilolipata ambalo watu husahau kulitaja ni kwamba ulichokwisha kujifunza ukidhani kimepotea, ukikirudia unakipata kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo hata ukipoteza kitu kwenye likizo hii, hutarudi pale ulipoanzia Septemba.

Katika lugha, kinachochakaa kwanza ni kile unachotakiwa kukitoa mwenyewe mdomoni: neno ulitafute, ulipe kila neno mwisho wake sahihi, uchague kitenzi. Sikio hudumu zaidi. Na hapo ndipo nataka turudi kwa yule bibi wa kwenye platskart, kwa sababu umemsoma vibaya.

Hebu angalia ulichoniandikia. Umeniambia mumewe alikuwa dereva wa treni. Umeniambia magoti yanamsumbua, na kwamba hawezi kupanda kitanda cha juu. Umeniambia alichouliza kuhusu mama yako. Nani alikutafsiria? Ulikuwa ndani ya behewa lenye kelele, usiku, na mtu mzima asiye mwalimu, asiyepunguza kasi, pengine anayemeza nusu ya maneno kama wazee wanavyofanya, na umemwelewa mpaka ukajua la kufanya: ukampa kitanda chako. Binti ambaye mwaka mmoja uliopita hakuwa anaijua hata herufi moja ya Kisirili, alfabeti ya Kirusi. Kuelewa hutangulia kusema kwa kila mtu anayejifunza lugha ukubwani, na Kirusi hurefusha pengo hilo kwa sababu huwezi kusema nomino bila kuichagulia mojawapo ya hali sita za kisarufi, kila moja na mwisho wake wa neno, wala kitenzi bila kuamua kama tendo limekamilika au linaendelea. Kimya chako kilikuwa cha mtu anayepiga hesabu. Bibi alishuka kabla hujamaliza hesabu, basi.

Na huyo bibi alikupa chakula na hadithi ya maisha yake kwa hizo "da, da" zako. Alijua unamsikiliza.

Kwa hiyo nyumbani usipange kusoma Kirusi kama ulivyosoma Voronezh. Hutaweza, kuna harusi, na ukipanga saa tatu kwa siku utashindwa siku ya kwanza na kuacha kabisa. Fanya mambo mawili tu.

La kwanza ni kusema kwa sauti. Kila siku, asubuhi kabla nyumba haijaamka, au bafuni kama hakuna mahali pengine. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu ulichokwisha kukisoma darasani, usichukue kipya. Halafu mtumie mwenzako wa chumbani aliyebaki hosteli ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa Kirusi, umweleze ulichofanya jana. Kama naye si Mrusi haijalishi, mtakosea pamoja. Safari yenyewe itakupa mazoezi ambayo huwezi kuyakwepa: sasa hivi mpo, au mnakaribia kufika, kwenye vitenzi vya mwendo, ambavyo huwatoa jasho wageni wote. Kwenda kwa miguu ni idti, kwenda kwa chombo ni yekhat, kwenda na kurudi mara kwa mara ni yezdit, na kila kiambishi kinageuza safari: poyekhat unapoanza, priyekhat unapofika, uyekhat unapoondoka. Ukiwa uwanja wa ndege unasubiri, andika safari yako yote kwa vitenzi hivyo, tangu mlango wa hosteli hadi mlango wa kwenu. Siku ya kwanza ya muhula wa pili mwalimu atawauliza mlipitishaje likizo. Walimu wa Urusi huuliza hivyo shule za msingi mpaka vyuoni. Utakuwa na jibu mkononi.

La pili linahusu udaktari wako. Muhula wa pili podfaki inabadilika sura. Kemia, biolojia na fizikia zinachukua saa nyingi zaidi, zote kwa Kirusi, na wengi waliokuwa wazuri katika lugha hujikwaa hapo. Wewe kemia unaijua tayari, ulisoma sekondari. Kinachokukosa ni majina. Chukua jedwali la elementi, ambalo kwa Warusi ni jedwali la Mendeleev, kwani ni yeye aliyelitoa huko St. Petersburg mwaka 1869, na lipo ukutani karibu kila chumba cha kemia utakachoingia. Hidrojeni ni vodorod. Oksijeni ni kislorod. Kaboni ni uglerod, nitrojeni ni azot, chuma ni zhelezo. Huwezi kuyabahatisha kwa kusikia, inabidi uyajue. Ukirudi Februari ukiwa na elementi 20 za kwanza kichwani, mwalimu wa kemia akianza kuandika ubaoni utamfuata, na waliobaki hosteli bila kuzigusa watakuuliza wewe.

Kuhusu baba mdogo. Usiutafsiri ule mkataba. Usiutafsiri hata ukurasa mmoja, hata kwa kusaidia tu. Najua ni mzito kumkatalia mtu aliyechangia nauli yako, ndiyo maana nakuandikia hili kwa mkazo. Kirusi hakitegemei mpangilio wa maneno kueleza nani anamfanyia nani nini. Kinategemea miisho. Ivan platit Petru, Ivan ndiye anayelipa. Ivanu platit Pyotr, sasa Pyotr ndiye anayelipa, na Ivan bado ametajwa wa kwanza. Katika mkataba wa kurasa nyingi, wenye lugha ya kisheria ambayo hata Mrusi wa kawaida huisoma mara mbili, mwanafunzi wa muhula mmoja akipitiwa na mwisho mmoja wa neno anaweza kumwambia baba yake mdogo kwamba muuzaji atalipia usafirishaji wa mtambo, kumbe ni yeye. Fedha zikipotea, undugu nao utaingia doa, na lawama zitakaa na wewe miaka.

Usimwambie mwenyewe kwa simu. Mwambie baba yako kwanza, faragha, na umwombe akufikishie. Mpe baba maneno haya: mikataba hutafsiriwa na mtafsiri aliyethibitishwa, ambaye anaweka sahihi na mhuri na anayeweza kuulizwa akikosea. Binti yako bado anasoma. Baba mdogo akija kwako baada ya hapo, msikilize, umwamkie, umshukuru kwa mchango wake, na ubaki kwenye jibu lilelile. Unachoweza kumpa ni kumsomea jina na anwani ya kampuni ili naye akaichunguze. Hapo ndipo uwezo wako unapokoma kwa sasa, na si aibu.

Huyo baba wa matangazo, naye anahitaji kipimo. Hajadanganya, anajivunia. Tatizo ni kwamba watu wengi hudhani mtu ama anaijua lugha ama haijui. Mweleze kwamba mtihani wa Kirusi kwa wageni una ngazi sita. Ili kuingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu cha Urusi unatakiwa ufikie ile inayoitwa ngazi ya kwanza, TRKI-1, ambayo chini yake kuna mbili nyingine za kupanda kwanza. Wewe umefika katikati ya mwaka ambao mwisho wake ndio unatakiwa ufike hapo. Ukimweleza hivyo ataacha kusema "anazungumza Kirusi" na ataanza kusema "yuko ngazi fulani, Juni anafanya mtihani", na mzazi akishapata namba ya kusema hutulia sana.

Harusini utaombwa, hilo usijidanganye. Andaa salamu moja kwa maharusi. Sentensi nne au tano, uziandike sasa, umpe mwalimu wako azisahihishe kabla hujaondoka, uzikariri. Mtakie bwana na bibi harusi upendo na afya kwa Kirusi, kisha useme kwa lugha ya nyumbani maana yake, ukae. Watapiga vigelegele. Nani pale atakayejua kama ulitumia hali ya tatu au ya nne? Na mwalimu wako, akiombwa kusahihisha salamu za harusi ya kaka yako, ataona kwamba safari yako haikuwa ya kukimbia Kirusi.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa Urusi hazifanyi kazi nje, na kadi ya Mir, ile ya Warusi wenyewe unayolipwa posho, haitakusaidia ukikwama Istanbul, Dubai au Addis Ababa. Badilisha rubli zako kidogo ziwe dola kabla ya kuondoka, ubaki na za kutosha usiku mmoja wa dharura. Tiketi ya ndege iwe moja tangu Moscow hadi nyumbani, si mbili ulizoziunganisha mwenyewe kwa sababu ni rahisi. Miaka hii viwanja vya ndege vya Moscow husimamisha safari kwa saa kadhaa wakati wa tahadhari ya droni, na ukikosa ndege ya pili kwenye tiketi tofauti hakuna atakayekujali. Kwa sababu hiyohiyo usipange treni inayofika Moscow asubuhi na ndege ya mchana huohuo ikiwa na nafasi finyu. Kama unaondokea Domodedovo, treni ya Aeroexpress inatoka kituo cha Paveletsky, na baadhi ya treni za Voronezh hufikia hapohapo, kwa hiyo ukichagua vizuri hutalazimika kuburuta sanduku kwenye metro.

Omba dekanati, yaani ofisi ya mkuu wa kitivo, barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, spravka, uibebe pamoja na pasipoti. Ukirudi utapewa kadi mpya ya uhamiaji mpakani. Itunze, na siku unayofika hosteli ipeleke pamoja na pasipoti ili chuo kikusajili upya. Sheria inakipa chuo siku 7 za kazi, lakini usisubiri hata mbili. Na koti usiliache hosteli, jamani. Wasichana wengi huliacha kwa sababu wanakokwenda ni joto, halafu wanashuka Moscow Februari na sweta. Livae kwenda, livae kurudi.

Sasa niseme kuhusu ile sentensi uliyoiweka mwisho, ukaniomba nisiijibu.

Hukuniuliza kama urudi Urusi baada ya likizo. Uliniuliza kuhusu safari tu. Lakini barua yote ninaiona imeandikwa na mtu ambaye anaogopa kwamba akishakanyaga kwao hatakuwa na nguvu za kuondoka tena, na kwamba hilo litakuwa aibu kwa wote waliochanga. Ndiyo maana hulali, si kwa sababu ya vitenzi.

Nami nimeishi huko na najua Desemba ya huko ilivyo. Voronezh mwezi huu urefu wa mchana ni kama saa 8 tu, na mara nyingi mbingu ni ya kijivu kutwa nzima. Unaingia darasani giza, unatoka giza. Sisi tuliozaliwa chini ya jua la saa 12 kila siku ya mwaka mwili wetu haujui la kufanya na hilo. Ongeza uchovu wa kusikiliza lugha ngeni tangu asubuhi mpaka dukani, ongeza mitihani, ongeza kaka anayeoa mbali nawe. Mtu aliye katika hali hiyo akiwaza kuacha, siwezi kusema ni mvivu wala ni mwoga. Lakini pia siwezi kumwambia kwamba wazo lake la usiku wa Desemba ndilo uamuzi wake.

Ninachokuomba, na hili ndilo la muhimu kuliko yote niliyoandika, ni kwamba usipande ndege na siri hiyo. Mwambie mama yako kabla hujaondoka Voronezh. Si kwa ujumbe wa maandishi, mpigie, siku ambayo yuko peke yake. Mwambie: "Mama, huku ni kugumu, kuna siku nawaza kuacha, sijaamua kitu, nataka ujue tu." Ukimwambia ukiwa bado uko huko, ataelewa kwamba unaomba msaada. Ukimwambia siku mbili kabla ya ndege ya kurudi, huku masanduku yamefungwa na wageni wa harusi bado wapo, itaonekana ni mgomo, kila mtu atatoa kauli, na utarudi kwa kulazimishwa au utabaki kwa fedheha. Pia ukimwambia sasa, ukifika hutakuwa na kazi ya kuigiza furaha kutwa nzima. Utalala. Binti aliyelala na kula kwao huwaza tofauti.

Na jipe tarehe. Usiamue lolote katika likizo, wala wiki ya kwanza ya kurudi, ambayo huwa mbaya kwa kila mtu. Jipe mpaka mwisho wa Machi. Kufikia wakati huo mchana utakuwa umezidi saa 12, utakuwa umeshaonja kemia na biolojia kwa Kirusi, na utajua kama unachokikimbia ni udaktari, ni Urusi, au ulikuwa ni huo msimu wa baridi. Ni mambo matatu tofauti na kila moja lina jibu lake. Mwanafunzi anayegundua hataki udaktari anaweza kuuliza kuhusu fani nyingine kabla ya Juni. Anayegundua kwamba ni upweke atafute wenzake wa nyumbani waliotangulia, wa mwaka wa tatu na wa nne. Voronezh ina wanafunzi wengi wa Kiafrika, nao wote wamepita podfaki.

Mwisho wa Machi ukifika na moyo bado unasema hapana, basi acha, ila acha kwa mlango wa mbele. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uwaambie, uandike barua, uombe cheti kinachoonyesha masomo uliyosoma, saa zake na alama zako, kwa sababu hizo nne na tano ni zako na chuo kingine kinaweza kuzitambua. Asiyerudi kimyakimya huondolewa kwenye orodha kwa utoro, viza yake hufutwa, na akitaka ufadhili tena siku za mbele karatasi hiyo humfuata. Mama akishajua tangu Januari, atakuwa upande wako siku ya kumwambia baba.